Geuka Kushoto

Kifaa cha kuonyesha njia kilisema "geuka kushoto" kikiwa bado mezani, waya wake haujaunganishwa na chochote.

Mume, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshika bisibisi. Akamtazama mkewe. "Kina betri yake ndani," alisema, kama anayejijibu mwenyewe, kisha akaendelea kukaza kishikizo alichokitengeneza ili kikae kwenye usukani wa pikipiki.

Mkewe alikuwa anasafirisha damu. Aliichukua kwenye benki ya damu na kuifikisha hospitali ilikohitajika, na wauguzi walimwita Breki, kwa utani, kwa kuwa waliamini pikipiki yake haina. Njia za zamani alizijua zote. Lakini mji ulikuwa umepanuka, zahanati zimeota kwenye mitaa isiyo na majina, naye alichoka kusimama kuuliza wapita njia huku barafu ikiyeyuka kwenye sanduku.

Dukani alikokinunua kifaa, alijua anachotaka: GPS ambayo kioo chake kinasomeka juani, isiyoingiza maji, inayokubali kidole chenye glavu na isiyozimika kwa mtikisiko wa kokoto. Muuzaji akampangia mpya kadhaa. Zote zilipendeza mpaka alipozitoa nje kwenye jua, zikageuka vioo vya kujitazamia. Ndipo akaiona moja nyuma ya kabati, imechubuka pembeni. Juani ilisomeka kama gazeti.

"Hiyo ilirudishwa," muuzaji alisema. "Aliyeirudisha hakutaka hata kuingia. Aliiacha mlangoni."

"Mimi nataka kazi yake, sitaki historia yake," Breki akajibu.

Mwanzoni ilimfaa kweli. Kisha mchana mmoja, jua likiwa la utosini, ile sauti ya kike iliyopoa ikamwambia ageuke kushoto, naye akageuka. Harufu ilimfikia kwanza, ya udongo mbichi na nywele zilizoungua, halafu kokoto zikaanza kuteleza chini ya tairi, na pikipiki iliposimama, gurudumu la mbele lilikuwa kwenye ukingo wa machimbo ya mawe yaliyoachwa, na chini yake maji meusi yaliyotulia kupita kiasi. Kwenye kioo, mstari wa njia uliendelea moja kwa moja hadi katikati ya maji.

"Umebakiza kidogo," GPS ikasema.

Jioni mume aliing'oa, akaifungua, akatoa betri na kuiweka chumba kingine. Walikuwa wanakula GPS ilipoongea tena, polepole, kutoka juu ya kabati.

"Umebakiza kidogo."

"Usiijibu," mume alinong'ona.

"Nani kasema najibu?"

Mume alichukua nyundo, akaipeleka GPS uani, akaiponda mpaka ikawa ya kufagia.

Asubuhi Breki alivaa helmeti. Sauti ilikuwa ndani, imegandamana na sikio lake, na sasa ilikuwa na pumzi. "Geuka kushoto."

Mganga waliyemwendea, mama mmoja aliyewapokea huku akianika nguo, aliinusa helmeti na kuirudisha upesi.

"Huyu ni jini wa shimo," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemvunjia kiti, kahamia kichwani. Hataki kingine, anataka kutiiwa, na wewe ulishamtii. Acha pikipiki, atakwenda kutafuta mwingine."

"Mwingine nani?"

"Yeyote anayeendesha."

Mume alimshika mkewe mkono. "Iache tu, mama watoto. Tutafanya kazi nyingine."

Breki alitazama nguo zikidondosha maji. "Siiachi. Na simtupii mtu mwingine balaa langu. Kwani huyo jini ana leseni?"

Mganga alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Basi usimtii tena. Hata ukiona kifo mbele yako, usimtii."

Haikupita wiki, simu ikaja alasiri moja ya mvua: mama amejifungua, damu haikatiki, wodi haina ya kundi lake. Breki akafunga sanduku na kuondoka. Alipokaribia daraja, ile harufu ikajaa ndani ya helmeti mpaka machozi yakamtoka, na sauti ikamwambia geuka kushoto, ikamwambia tena kwa sauti ya mumewe, ikamsihi kwa sauti ya mama yake aliyezikwa zamani, na pale pale mbele yake daraja likatoweka, barabara ikakatika kama mkate, yakabaki maji meusi yaliyotulia ambayo mvua haikuyagusa, na upande wa kushoto pakafunguka lami safi, kavu, yenye taa, naye akauma meno, akakumbuka kwamba daraja hili alilivuka jana na juzi, akaubana usukani usikengeuke, akaongeza mafuta na kuingia ndani ya maji yale huku akipiga kelele kwa hasira zaidi kuliko woga.

Tairi likagonga zege. Daraja lilikuwa pale pale.

Muuguzi alilipokea sanduku mbio. Breki akakaa kwenye benchi, anadondosha maji, mpaka muuguzi yule aliporudi na kumwambia mama anapumua vizuri na ameomba chai. Hapo ndipo Breki alipoinuka kuondoka.

Getini, mlinzi akamwita. "Dada, mbona abiria wako umemwacha mvuani?"

"Abiria gani?"

"Yule mama uliyempakia. Nilimkaribisha kibandani, akakataa. Anasema anakungoja wewe."

Breki akatazama. Pikipiki ilikuwa peke yake. Mvua ilimwagika juu ya tangi, juu ya usukani, juu ya kiti cha dereva. Kiti cha nyuma tu kilikuwa kikavu.

Kisha akaenda, akavaa helmeti, akapanda. Nyuma yake shokapu zikabonyea taratibu, na ubaridi ukamgusa kiunoni, pande zote mbili, kama mikono inayojishikiza.

"Umekaa vizuri?" aliuliza, bila kugeuka. "Basi sikiliza. Dereva hapa ni mimi, na abiria wangu haongei."

Akatia gia, wakaondoka.