Kilicho Chini ya Diski

Diski ya picha za eksirei ilijitoa tena kwenye seva ya hospitali, na safari hii ikaacha harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Zima, halafu washa," alisema meneja, ambaye tiba yake kwa kila ugonjwa wa mashine ilikuwa hiyohiyo.

"Nimezima mpaka vidole vimeota sugu, bosi."

Fundi hakuwa na subira siku hiyo. Ghorofa ya juu, mdogo wake alikuwa ameshaandaliwa kwa upasuaji wa kifua, na daktari hangeshika kisu bila kuiona picha yake iliyomo kwenye diski hiyo. Akaiunganisha diski. Ikajitoa. Akaiunganisha tena, akiilaani pamoja na ukoo wake wote. Ikajitoa.

Ndipo alipokumbuka uzembe mmoja unaofichika katika kazi yao: diski ikiunganishwa juu ya folda yenye vitu, vile vya chini havifutiki, vinafunikwa tu, kama shimo lililotandikiwa mkeka. Na marehemu aliyemtangulia kazini alikuwa bingwa wa kufunika.

Akaifungua folda bila diski.

Ndani yake mlikuwa na picha moja. Eksirei ya mwanamke aliyeinama: mbavu, kibanio cha nywele, funguo kiunoni. Akajishika kiuno, funguo zikalia. Na nyuma ya mwanamke yule, kidevu kikiegemea bega lake, kulikuwa na fuvu la pili, ambalo kila fundi alipopepesa macho lilikuwa limefungua taya kidogo zaidi, huku shingoni mwake mwenyewe, katika chumba kile cha baridi ya kugandisha, akihisi pumzi ya moto ikija na kurudi, ikija na kurudi, bila haraka, kama ya mtu aliye kwake.

"Bosi," alinong'ona, "nyuma yangu kuna nini?"

Meneja alikuwa keshafika mlangoni. "Mimi... nina kikao."

"Nenda na kikao chako!" Hofu ikageuka hasira, akaikabili skrini. "Na wewe, hama! Mdogo wangu anasubiri."

Kufuta hakuthubutu, mafundi hufundishwa wasifute wasichokijua, wakihamishe. Diski yenye nafasi ilikuwa moja tu, ileile ya eksirei. Akaiunganisha pembeni, mbali na folda ile, akaihamishia picha humo, kisha akairudisha diski mahali pake.

Ikatulia. Harufu ikakatika. Fundi akacheka peke yake, jasho likimtiririka.

Simu ikalia.

"Picha ya mdogo wako imefunguka," alisema daktari, kwa sauti ya chini mno. "Lakini dada, huyu aliyemlalia kifuani ni nani?"