Jumamosi Kafungwa, Jumapili Kaachiwa

Hivi wewe, umpendaye akikwambia ameona jambo, nawe umeliona jambo hilohilo kwa namna nyingine, utaamini macho yako au mdomo wake? Usijibu haraka. Msikie kwanza Eufrazia.

Mwaka wa sabini na sita sukari ilikuwa ya foleni, na foleni ya duka la ushirika pale Morogoro mjini ilizunguka nyumba kama mshipi kiunoni. Eufrazia, mzaliwa wa Mgeta, fundi cherehani katika ushirika wa akina mama, alikuwa amevaa gauni la maua ya rangi ya chungwa alilojishonea, mikono ya puto, na viatu vya laizoni vilivyomwongeza urefu wa vidole vinne. Kijana aliyesimama mbele yake akarudi nyuma, pindo la suruali yake pana ya bugaluu likaingia chini ya laizoni. Chraa!

"Dada, umenichania!"

"Umerudi kinyumenyume kama lori la mkaa, halafu mkosa niwe mimi?"

"Basi nishonee."

"Nitakushonea. Tupate sukari kwanza, usije ukachanika na upande wa pili."

Watu wakacheka, naye akacheka. Aliitwa Lukasi, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mpole, na mzito wa maneno. Suruali ilishonwa, lakini mwenyewe hakuacha kuja, leo kaleta kifungo, kesho kaleta kola, hata vile ambavyo havikuharibika. Wakapendana. Miezi minne wakaitana mpenzi, ila habari ya posa Lukasi alikuwa bubu.

Ikaja barua ya uhamisho. Mwalimu anatakiwa Kisaki, aondoke Ijumaa ya juma lijalo. Eufrazia akawa anangoja neno moja tu, kwamba barua ya posa itakwenda Mgeta kwa mjomba wake, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye binti. "Jumamosi tunakwenda sinema," alijisemea, "atasema hukohuko."

Jumamosi Lukasi hakutokea. Eufrazia aliingia peke yake, kiti cha pembeni kitupu. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, mvua tupu na moshi wa sigara. Mume kapigwa risasi, mpelelezi mwenye koti refu anamfuata mjane mwenye kofia nyeusi. Shemeji mtu akakamatwa, mjane akapanda treni anacheka, watu wakasema ameponyoka. Mara polisi hao! Wakamtia ndani, mlango ukapigwa kufuli, picha ikaisha. Ukumbi mzima makofi: "Mpelelezi kiboko! Alimwachia ili amnase!"

Jumatatu simu ya ushirika ikalia.

"Haloo, mpenzi. Nisamehe. Juzi mwalimu mkuu alitubakiza shamba la shule mpaka jua likazama. Jana nikaenda kuiona picha peke yangu, ili tupate kuizungumza."

"Ehee? Iliishaje?"

"Yule mama wa watu hana kosa! Muuaji ni shemeji yake. Mwishoni anapanda treni, anavua kofia, anacheka. Nikafurahi kama mjinga."

"Mwishoni alifungwa, Lukasi. Treni ilitangulia."

"Hapana, mpenzi, kufungwa ndiko kulikotangulia."

"Jana ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, sinema!"

"Hiyo picha umesimuliwa na huyo uliyekuwa naye. Mwambie hajui kusimulia." Akaibwaga simu.

Lukasi alipiga tena Jumanne, akapiga Jumatano. Kila mara Eufrazia alimwambia mwenzake Chausiku, "Sema napima mteja," kisha anainama kwenye cherehani, machozi yanadondokea kitambaa.

Alhamisi mteja mmoja, mama mnene mwenye kanga mpya, akasema yule mjane alistahili kufungwa.

"Kufungwa wapi?" Chausiku akamdaka. "Mimi na mume wangu tumemwona kwa macho yetu anapanda treni, picha ikaisha!"

Cherehani ya Eufrazia ikanyamaza. "Chausiku, mliona siku gani?"

"Jumapili."

"Na wewe, mama?"

"Jumamosi, mwanangu."

Eufrazia hakutoa hata utepe wa kupimia shingoni. Alikwenda moja kwa moja hadi sinema, akamkuta Mzee Maneno, mwonyesha picha, anafuta mashine yake.

"Shikamoo, mzee. Yule mwanamke alifungwa au aliachiwa?"

Mzee Maneno akatazama mlangoni. "Marahaba. Sema polepole, mwanangu. Mikanda ililowa mvua njiani, karatasi za namba zikabanduka. Jumamosi nikautanguliza wa nne, wa tatu ukawa wa mwisho. Nikasikia makofi, nikanyamaza; Jumapili nikaipanga sawasawa."

"Makofi yako, mzee, yataninyima mume!"

Ijumaa asubuhi lori la kwenda Kisaki lilikuwa linanguruma, godoro la Lukasi limeshapakiwa, wingu limekaa juu ya Uluguru kama kilemba. Alipomwona Eufrazia anakuja mbio, viatu mkononi, akaruka chini.

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuachia. Mzee Maneno aliigeuza mikanda. Nilikuhukumu bure, Lukasi, nisamehe."

Lukasi akacheka mpaka akashika boneti. "Siku tatu nawauliza watu picha iliishaje! Nusu wananiambia hivi, nusu vile. Nikadhani nimerukwa na akili."

"Mwalimu!" dereva akaita. "Unapanda au unabaki?"

Lukasi akamshika Eufrazia mikono. Akafungua kinywa, akafunga, akafungua tena. "Eufrazia... huko Kisaki... wanasema mito yake ina mamba."

Akina mama waliokuwa juu ya magunia wakaangua kicheko. "Mwalimu, mamba ndiyo maneno ya kuagana?"

Eufrazia hakucheka. Alijua kwamba akingoja tena, lori litaondoka na mumewe.

"Waache mamba," akasema, na kila aliyekuwa juu ya lori akasikia. "Mimi nataka unioe. Barua iende Mgeta kwa mjomba wangu Gabrieli, na ukija kunichukua, nije nikae na wewe hukohuko Kisaki."