Mtaa Alioupanua Matonya

"Sema upesi, nikipigilie wapi?" Matonya aliuliza, kigingi mkono huu, nyundo mkono ule. "Bwana mpimaji akimaliza kula anarudi."

Binti aliyeitwa Sikudhani alitua mtungi wake. Baba yake, Mzee Athuman, mfanyabiashara Mrangi aliyehamia Dodoma kuifuata reli ya Wajerumani, alikuwa ameshamkataa Matonya. Alisema hamwozeshi binti yake kijana wa Kigogo asiyemjua, tena asisikie kwamba wameonekana vichochoroni.

"Rudisha nyuma, mtaa upanuke mbele ya nyumba yetu," Sikudhani alisema. "Watu wakipata pa kusimama watacheza. Na mimi nikicheza mchana kweupe, baba atasema nini? Atakuona, atakujua."

Matonya, mshika kamba ya vipimo, aling'oa vigingi vinne akavirudisha hatua ishirini. Bwana mpimaji, Mjerumani, alikuja kugundua kosa kuta za watu zimeshasimama. Akafoka, akalilaumu jua la Dodoma, yakaisha.

Basi ikawa kama Sikudhani alivyosema. Mitaa mingine ilinyooka, nyembamba, mtu anapita na kwenda zake. Pale mtu alisimama hata kama hana shughuli. Kila alasiri vijana walijaa kwa mchezo mmoja: kuvutana kamba, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Kamba yenyewe ilikuwa ya vipimo, iliyochakaa, Matonya aliiomba kazini. Yeye na Sikudhani walikaa mbele siku zote, wakitazamana, na wavulana walishindwa mara nyingi mno. Kila mtu alijua kwa nini.

Mzee Athuman alianza kwa kuchungulia dirishani. Kisha akatoa kigoda nje. Mwishowe akawa mwamuzi, tena mwenye upendeleo. Matonya alipomweleza kwamba yuko tayari kusilimu, mzee aliinuka kigodani.

"Lete mshenga Ijumaa," alisema.

Sikudhani hakulala kwa furaha. Kosa lao ni kwamba walidhani macho yanayoutazama mtaa ule ni ya baba peke yake.

Vita vilikuwa vimeanza, na serikali ilitaka wapagazi. Katika mitaa myembamba askari walipiga hodi, wakakuta nyumba tupu, vijana wamekwisha kukimbilia porini. Ijumaa ile alasiri waliziba tu ncha mbili za mtaa mpana. Wavulana thelathini na wawili walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kamba mikononi.

"Wasichana, achieni," askari mkubwa alisema.

Wote waliachia isipokuwa Sikudhani. Kamba ileile ilizungushwa viunoni mwa wavulana, mmoja baada ya mwingine, kuanzia nyuma kwenda mbele, mpaka ikamfikia Matonya.

Mzee Athuman alikuja mbio na mshenga, pindo la kanzu mkononi.

"Huyu mwacheni, ni mkwe wangu," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele za watu.

"Atarudi amwoe binti yako," askari alijibu, akafunga fundo.

"Nilipapima vibaya," Matonya alisema taratibu.

"Usiseme hivyo. Mimi ndiye niliyekuomba."

"Achia, Siku. Wataniumiza mbele yako."

Akaachia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mkono wake mwenyewe uliachia.

Mwaka uliofuata, kati ya wale thelathini na wawili, alirudi mmoja tu, Sila, akichechemea. Aliamkia shikamoo, akakalia kigoda cha mzee. Sikudhani alimwambia aseme tu.

"Tumbo la kuhara, kabla ya Iringa. Tulimzika njiani. Alisema uuzibe ule mtaa."

Sikudhani hakulia mbele yake. Asubuhi alikata minyaa ya uzio, akaipanda mstari kuanzia pale Bwana mpimaji alipotaka kigingi cha kwanza hadi cha nne. Baba yake alimsaidia kuchimba, na posa zilizokuja baadaye alizirudisha mwenyewe kabla binti hajaulizwa.

Minyaa ilipofika kiunoni, wasichana wawili walitokea na kamba mpya, wakiuliza uwanja uko wapi.

"Hakuna uwanja," Sikudhani aliwaambia. "Pitieni tu. Msisimame."