Jicho Alilolisogeza

Haya nimeyapata kwa mfagiaji wa ofisi ya hali ya hewa, na yule hata umshone mdomo kwa uzi, atakusimulia kwa pua.

Saa nane mchana picha ya setilaiti iliingia na harufu. Harufu ya maji ya chumvi, katika chumba kisicho na hata dirisha! Mtabiri wa zamu, ambaye wenzake humwita Mama Mawingu, alidhani ni maji ya deki.

"Dada, ndoo sijaigusa leo," mfagiaji akanong'ona.

Kwenye skrini kimbunga cha Atlantiki kilikuwa kinazunguka, cheupe pee, jicho jeusi katikati. Kazi ya Mama Mawingu ni kuweka alama juu ya jicho kila picha mpya inapoingia, meli zijue pa kukimbilia. Na meli iliyokuwa mbele ya jicho siku hiyo, mpishi wake ni mumewe.

Sasa wewe ungefanyaje? Mkono ukamteleza, akaweka alama pembeni, mbali na mume. Uongo mtupu. Lakini picha iliyofuata, jicho lilikuwa pale pale alipoliweka. Akalisogeza tena. Likafuata.

"Mbona linakutii, dada? Wewe nani kwake?"

"Nyamaza. Meli haijapita."

Picha ya nne jicho halikutazama bahari tena, liliwatazama wao, na mfagiaji alipoufungua mlango akimbie akajikuta anaingia chumba kile kile, akafungua tena, chumba kile kile, na upepo ukaanza kutambaa ukutani taratibu, ukizungusha karatasi zote upande mmoja, ilhali katikati, kwenye kiti cha Mama Mawingu, hata unywele haukutikisika, na hapo sauti ya kiume, ya upole kabisa, ikamwambia mama huyo sikioni, "Nimemwacha yule kwa ajili yako. Sasa nikae wapi?"

"Lirudishe baharini, dada, nakuomba!"

"Kwa baba watoto wangu?" Mama Mawingu akafuta alama kwenye skrini, akajiwekea kiganja kifuani. "Kaa hapa."

Upepo ukakoma. Mlango ukamtoa mfagiaji nje. Mama Mawingu hakutoka.

Wenzake wamehamia chumba cha pili, wanasema ni mambo ya umeme. Juzi mume karudi, mzima wa afya, na begi lake begani. Akagonga mlango wa chumba kile.

"Mama watoto, ni mimi. Toka twende nyumbani."

Ndani wakaitika wawili.