Mwanasesere wa Sukari na Mizani ya Runinga

Ukitaka kukanyagwa, kusukumwa na kutukanwa, kisha uombwe radhi kwa kipande cha kashata ya ufuta, nenda mtaa wa Bab el-Bahr wiki ya Maulidi. Kairo nzima huwa imehamia pale. Na ndipo mkono wa Bahgat na mkono wa Shahira ilipokutana kwenye kiuno cha mwanasesere mmoja wa sukari, wa mwisho, mwenye gauni la waridi na mapepeo ya karatasi mgongoni.

"Kaka, toa mkono wako kiunoni mwa binti yangu," Shahira akasema.

"Binti yako? Mimi nimemshika kwanza. Mimi ndiye baba yake."

"Ala! Tumeshapata mtoto na hata jina lako silijui?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Muuzaji akapiga meza. "Oaneni basi mnipishe, watu wanangoja!"

Siku hiyo Shahira alivaa gauni refu la zambarau, mtandio wa njano na hereni za duara ambamo ungeweza kupitisha yai. Alikuwa mnene wa kujaza mlango, mwalimu wa chekechea huko Shubra, na alipocheka, hakuna kiungo chake kilichobaki nyuma. Bahgat alikuwa mwembamba kama fimbo ya pazia, na kweli kazi yake ilikuwa kuuza mapazia barabara ya al-Azhar. Alimwachia mwanasesere, akaomba namba ya simu. Akapewa.

Simu zao majirani tulizijua, maana Shahira alikuwa akiongea barazani kwa sauti ya kuhutubia, spika ya simu ikiwa wazi.

"Umekula, roho yangu?" Bahgat huuliza.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula chakula changu na nilichokuachia wewe."

"Ndiyo maana nasikia njaa, mwizi we!"

Walivishana pete kabla ya mwaka kuisha. Ya Shahira iliingia kwa sabuni. Mama Bahgat ndiye aliyeisukuma, akisema, "Hii sasa haitoki mpaka kaburini, mwanangu." Tukapiga vigelegele mpaka polisi wa kona akaja kuulizia keki.

Mambo yaliharibikia kwenye duka la magauni ya harusi. Shahira aliomba ajaribu gauni la dirishani. Binti wa dukani, kope za bandia na kiuno cha nyigu, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Dada, hapa tunauza magauni. Mahema wanashona kule al-Khayamiya."

Bahgat akacheka. Si sana. Kicheko kifupi, cha puani. Shahira naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, akasema, "Basi nishonewe lenye vyumba viwili." Wakatoka wameshikana mikono. Bahgat akalala usingizi wake wote. Shahira hakula jioni ile, wala kesho yake, na wiki haikuisha kabla hajajiandikisha kwenye "Mwili Mpya", kipindi cha runinga cha mashindano ya kupunguza uzito.

"Kwa nini lakini, mpenzi?" Bahgat aliuliza.

"Kwa afya yangu."

Akamwamini. Wanaume bwana.

Washiriki walifungiwa kwenye jumba moja huko barabara ya jangwani. Simu wakanyang'anywa. Mara moja kwa wiki waliruhusiwa kupiga nyumbani, kamera ikiwa puani. Shahira alipanda mizani akiwa na kilo mia na thelathini na nane, amevalishwa kaptura na kifulana kilichoacha tumbo wazi, mwanamke ambaye hajawahi kutoka na mikono wazi hadharani. Mizani yenyewe ilikuwa kubwa kama ya kupimia ng'ombe. Mtangazaji, Loay, meno meupe kama sinki, akauliza, "Unajisikiaje ukiiona namba hiyo?" Akalia. Kamera ikasogea ipate machozi vizuri.

Mkahawani kwetu tulitazama kila Alhamisi. Mkufunzi aliwafokea watu wazima kama anafukuza mbwa. Mzee mmoja mwokaji mikate wa Tanta, Gaber, alikimbizwa juani mpaka akatapika kwenye ndoo, na wakaturudishia picha ile polepole, matapishi yakitoka, na muziki wa ushujaa juu yake. Inatia kinyaa. Na sisi mezani tulikuwa na mkate wa samli na asali.

"Kapungua kilo tano wiki hii!" mtu akapiga kelele. "Mashaallah!"

"Tano kwa wiki zinakwendaje?" Bahgat akauliza.

Kwenye simu ya kila wiki walizungumza kama watu waliosimamiwa na askari.

"Unaendeleaje, asali wangu?"

"Vizuri. Najitahidi."

"Mbona huniiti mwizi?"

Sauti ya mtu pembeni ikadakia: "Muda umekwisha."

Maulidi ikarudi. Mama Bahgat akaanza mapema. "Sinia la peremende za Maulidi la mchumba wako liko wapi?"

"Mama, kafungiwa. Tena hali sukari."

"Nani kasema ale? Aone tu! Usipopeleka, kesho Shubra nzima itasema mmeachana. Mkwe wangu apitishe Maulidi bila mwanasesere, kafanywa nini, mjane?"

Bahgat akaenda Bab el-Bahr, akachagua mwanasesere wa waridi mwenye mapepeo, na sinia la kashata za karanga na dengu. Akapanda teksi mpaka jangwani. Mlangoni alitaraji kufukuzwa. Badala yake akapokelewa kama waziri.

"Karibu, bwana harusi!" alisema msichana wa vipaza sauti. "Una ujumbe?"

"Mwambieni kila la heri. Mwambieni binti yetu kamkumbuka."

"Tutamfikishia neno kwa neno."

Alhamisi tukaona neno lenyewe. Meza imetandikwa kitambaa cheusi, sinia limemulikwa taa, ngoma ya kuogofya. Loay akamshika Shahira bega. "Mchumba wako kaleta haya mwenyewe. Kasema anataka aone kama utaweza kujizuia."

Shahira akamtazama mwanasesere. Sisi wakati ule hatukujua anasikia nini kichwani. Alikuwa anasikia kile kicheko cha puani, na neno mahema. Akaokota chuma cha mazoezi, akakishusha. Kichwa cha sukari kikarukia huku, mapepeo kule. "Mwambieni," akasema akihema, "akamcheke mwingine."

Wakarudia picha ile mara tatu.

Bahgat aliweka glasi ya chai mezani taratibu sana. Jioni hiyo mama yake alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Kairo nzima imeona! Kesho ukadai pete."

"Haitoki, mama," Bahgat akajibu, akijaribu kutabasamu. "Iliingia kwa sabuni."

Haikutoka mpaka mchana wa fainali, ilipojitoa yenyewe.

Tangu jana yake Shahira hakuwa ameonja maji. Hivyo ndivyo kilo zilivyokuwa zikiondoka kabla ya kila upimaji: wanafungwa karatasi za nailoni, wanakalishwa kwenye chumba cha mvuke, wanapewa vikombe wateme mate. Daktari wa kipindi alipita akiangalia saa. Shahira alikuwa akinawa uso, pete ikateleza kidoleni, ikalia kwenye sinki kama sarafu. Akaidaka kwenye ukingo wa tundu. Akalia. Machozi hayakutoka. Uso ukajikunja, kifua kikapanda na kushuka, na macho makavu kama karatasi.

Umm Nada, mama wa vipodozi, alikuwa nyuma yake na chanuo lililojaa nywele.

"Mwanangu, hizi zilizotoka ni nyingi kuliko zilizobaki. Nani nikupigie?"

Shahira akataja namba. Aliijua kwa kichwa.

"Haloo, nani?" Bahgat alikuwa katikati ya mteja na mita za pazia.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Umeshanisahau sauti, mwizi we?"

Mkasi ukaanguka. "Shahira? Sauti yako wameipeleka wapi?"

"Imekauka. Bahgat, pete imetoka."

"Mimi sijaidai. Ni maneno ya mama."

"Imetoka yenyewe. Sasa nijibu: kwa nini ulileta sinia unipime?"

"Nikupime? Nilisema kila la heri. Nilisema binti yetu kakukumbuka! Basi!"

Maji ya bomba yalisikika yakidondoka.

"Na dukani?" Shahira akauliza polepole. "Yule binti aliposema mahema. Ulicheka."

Bahgat angeweza kudanganya. Mteja alikuwa kamkodolea macho, pazia mkononi. "Nilicheka," akasema. "Niliona haya. Nikajitia upande wa aliyecheka, wasije wakanicheka na mimi. Ulipocheka na wewe, nikasema yamekwisha."

"Mimi nilicheka nisilie, mjinga."

"Najua sasa. Nisamehe, roho yangu. Kunywa maji."

"Bado saa chache tu. Nitashinda, Bahgat. Nimeteseka mno nisishinde."

"Nakuja. Nitakaa getini. Ushinde, usishinde."

Fainali ilikwenda moja kwa moja hewani. Gaber alitangulia. Namba yake ikatoka, karatasi za rangi zikamwagika toka darini, akateremka mizani, na magoti yakakunjika. Alianguka ubavu, mdomo wazi, ulimi umekuwa kijivu. Unadhani mtu alikimbia na machela? Kamera ndiyo iliyokimbia. "Makofi kwa shujaa!" Loay akapaza sauti, na watazamaji mia mbili wa ukumbini wakampigia makofi mtu aliyezimia, huku wanaume wawili wakimburuta kwa makwapa. Mfanyakazi mmoja akafuta jasho la mzee kwenye mizani. "Shahira! Jukwaa ni lako!"

Alipanda kwenye bamba lililokuwa bado na unyevu wa mwenzake. Kilo tisini na mbili. Ukumbi ukalipuka. Arobaini na sita kwa miezi mitatu!

Shahira akashuka. Akaenda meza ya Loay, akachukua chupa ya maji yake, akainywa yote bila kupumua, yakimchirizika kidevuni. Akarudi juu ya mizani. Tisini na mbili na nusu.

"Loay, hiyo nusu niliyoongezeka sasa hivi ni nini?"

"Habibti, hebu tusubiri..."

"Ni maji. Na kilo nyingi mlizonipigia makofi ni maji yangu, mliyonikamua. Mkojo wangu una rangi ya chai. Hedhi sijaiona tangu niingie humu. Nywele zangu ziko kwenye chanuo la Umm Nada. Mzee Gaber mmempeleka wapi? Mmempa hata tone?"

Wakakata. Likaingia tangazo la samli.

Bahgat alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, nje ya geti, koti limejaa vumbi. Akamwona mwanamke anatoka peke yake, gauni la zambarau linamning'inia kama la kuazima. Akasimama.

"Namngoja mchumba wangu, bibie," akasema. "Mcheshi mmoja hivi, mwenye sauti ya kuhutubia."

"Hayupo. Wamemmaliza."

"Basi nitakaa na wewe mpaka arudi."

Akamfungulia chupa ya maji. Shahira akanywa nusu, kisha akajishika chini ya mbavu, akajikunja kwa maumivu.

Hospitali walimtoa kifuko cha nyongo kimejaa vijiwe. "Mtu akipungua mbio namna hii, nyongo huganda," daktari akasema, bila kushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililotukasirisha zaidi. Kumbe lilikuwa linajulikana.

Mama Bahgat alileta supu ya njiwa, akamlisha kwa kijiko huku akiwatukana watu wa runinga kizazi kwa kizazi. Pete ilikuwa inacheza kidoleni. Bahgat akatoa mfukoni uzi wa kushonea mapazia, wa rangi ya dhahabu, akauzungusha kwa ndani mara nyingi, mpaka ikashika.

Wiki kwa wiki akawa anafungua mzunguko mmoja. Shahira alirudi kula, kwa kiasi. Alirudi chekechea kwa miguu, bila kufokewa na mtu. Na kicheko kikarudi barazani, kwanza kidogo, kisha chote. "Mwili Mpya" wakatangaza msimu mwingine, na foleni ya waombaji, nasikia, ilipinda kona mbili. Bahgat akiingia mkahawani siku ya Alhamisi, humwambia mwenye mkahawa aweke mpira au azime kabisa.

Harusi ilikuwa wiki ya Maulidi ya mwaka uliofuata. Gauni Shahira alilishonesha kwa fundi wa mahema wa al-Khayamiya, kwa makusudi, na kila aliyeuliza aliambiwa ni la wapi. Mama Bahgat alikuja na kipande cha sabuni kiganjani, akidhani kitahitajika. Bahgat akakata uzi wa mwisho kwa meno, akamvisha pete upya.

Ikaingia. Ikakaa. Bila uzi, bila sabuni.