Mng'aro Hadi Kwenye Breki

Kila asubuhi, kabla dereva hajatoka na teksi, mkewe alilisafisha gari. Kazi hiyo aliipenda, na kusema kweli alijisifu nayo kupita kiasi. Alimimina dawa ya kung'arisha plastiki moja kwa moja kwenye dashibodi. Akapaka milango. Akapaka viti vya ngozi bandia na usukani. Kisha akainama, akapaka hata pedali za breki na mafuta.

"Huko chini nani anaangalia?" mumewe alimtania.

"Mimi naangalia. Kazi nusunusu siiwezi."

Jumatatu moja dereva alikuwa akimpeleka mama yake kliniki ya macho. Kwenye mteremko wa soko alikanyaga breki. Gari halikusimama, likavamia ukuta. Dereva alitoka na mikwaruzo tu. Mama yake alivunjika nyonga.

"Mguu uliteleza," dereva aliwaambia polisi. Akawaambia na ndugu. Hakuna aliyemsadiki. Wengine walisema alisinzia, wengine walisema alikuwa amelewa. Mama yake aligeuzia uso wake ukutani, na kwa wiki sita hakumsemesha.

Na mkewe? Mbele za watu alimtetea. Lakini jikoni alimuuliza, "Niambie ukweli, ulikunywa?"

Dereva aliweka sahani chini, akatoka nje. Tangu siku hiyo alikula peke yake.

Gari lilipotengenezwa, mke alikwenda gereji na chupa yake ya dawa. Alitaka lirudi nyumbani likimeremeta. Fundi, rafiki wa mumewe, alimkuta ameinama chini ya usukani.

"Shemeji! Unapaka nini hapo?"

"Nang'arisha pedali. Kila siku napaka. Kwani vipi?"

Fundi akamwambia, "Kaa kwenye kiti. Kanyaga breki kwa nguvu."

Alikanyaga. Kiatu kiliteleza, kikagonga sakafu. Akajaribu tena, kikateleza tena.

"Dawa hii ni ya dashibodi na milango," fundi alisema. "Inasaidia plastiki isipauke na kupasuka kwa jua. Usukani, gia na pedali usiziguse kabisa. Viti navyo viache, mtu anateleza."

"Na dashibodi napakaje?"

"Weka gari kivulini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, pakauke. Dawa tia kwenye kitambaa, kidogo tu. Paka, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiteleze. Dashibodi iking'aa kama kioo, mwanga unampiga dereva machoni."

"Mbona sikuambiwa?"

Fundi aligeuza chupa. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo. Mke aliyasoma polepole, neno kwa neno: *Usipake kwenye usukani wala pedali.* Alikuwa amemaliza chupa nne, na hakuwahi kugeuza hata moja. Alilia palepale, mbele ya mafundi wote.

Walisugua pedali kwa brashi na maji ya sabuni, wakazifuta, wakasugua tena. Hawakuacha mpaka kiatu kiliposhika.

Angeweza kunyamaza. Fundi si mtu wa maneno mengi, na siri ingeishia gereji. Lakini jioni ile alipiga moyo konde, akaingia chumbani kwa mama mkwe. Dereva alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

"Mama, mwanao hakulewa. Mguu uliteleza kweli. Mimi ndiye niliyepaka dawa ya kung'arisha kwenye pedali ya breki."

Bibi kizee aligeuka kutoka ukutani. Kisha akamnyooshea mwanawe mkono. "Baba, njoo. Nimekuonea."

Dereva alipiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa sauti.

Siku hizi gari la teksi halimeremeti. Dashibodi yake ni safi na kavu, na pedali hazitelezi. Bibi hupanda gari hilo kwenda hospitali, ingawa hatatembea tena bila magongo. Mkwe ndiye humshika mkono wakati wa kupanda.

"Umenisamehe, mama?" alimuuliza juzi.

"Bado," bibi alijibu. "Nishike vizuri, nisianguke."