Sululu Asiye na Pete

Siku ile mjinga alikuwa Alfani, na mwenyewe hakatai. Ilikuwa Aprili 1998. Aliingia sokoni Ukunda na shati lake jeupe la hotelini, kola imenyooka kama kadi, akapenya katikati ya matenga ya maembe hadi duka la vitambaa alikouza Warda. Kwa miezi alikuwa akinunua hapo leso asizokuwa na wa kumpa.

"Fumba macho, habibti."

"Nikifumba nitaibiwa. Nipe."

Akamwekea kiganjani pete ndogo ya bati yenye tarakimu, ameisugua mpaka inang'aa.

"Umeitoa wapi?"

"Mguuni mwa sululu. Alinasa wavuni mwa ami yangu, kwenu Bodo. Nikaipanua kwa koleo, ndege nikamwachia."

Warda hakucheka. Maji yakipwa, huwasaidia watu wa utafiti kuwavisha pete ndege hao wa midomo iliyopinda, ili watambulike wakirudi kutoka Urusi. Tarakimu zile alizijua: ndege huyu alimvisha pete yeye mwenyewe kwa mkono wake, na alikwisha kumrudia mara mbili.

"Sasa anaondoka. Akirudi nitamjuaje?"

"Mpenzi, ni kibati tu."

"Basi kaa na kibati chako."

Masika ikapita. Kila Alfani alipopiga simu, mwenye duka, Bi Mwanapili, alimjibu, "Warda yuko stoo, mwanangu." Stoo yenyewe ilikuwa rafu mbili.

Agosti sululu wakaanza kurejea. Siku za mapumziko Alfani alikunja suruali, akasimama topeni Bodo na darubini ya kuazima, wavuvi wakimwuliza kama amepoteza viatu. Asubuhi moja akakimbilia simu ya kijijini, akapiga tena. Safari hii Warda alipokea mwenyewe.

"Amerudi," Alfani akasema. "Mguu wa kushoto hana kidole kimoja. Niliona hivyo siku ile nilipomshika."

"Usimkurupushe. Nakuja."

Alifika na buibui limekunjwa magotini, akachungulia muda mrefu. Ndege alikuwa akichokoa kaa kwenye fungu la mchanga alilorudia kila mwaka.

"Ndiye," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili akatabasamu.

Alfani akalewa tabasamu. "Unaona? Pete hana, na amerudi. Hata sisi tuanze tu, mambo ya posa baadaye."

Warda akamrudishia darubini.

"Yeye baba yake hakai Bodo. Wangu anakaa nyumba ile pale, na Ijumaa yupo. Lete wazee wako."